Maneno Mawili Ndani ya Mabano

10 Februari 2018

Mdogo wangu Kiberiti,

Leo ni miaka arobaini na moja na siku sita tangu nitoke nyumbani. Sihesabu kwa uchungu. Nahesabu kwa sababu kazi yangu ni ya kuhesabu, na nimeshindwa kuiacha ofisini.

Nakusalimu wewe, wanao na wajukuu, na shemeji yangu, mke wa Mkubwa. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanigomea kwenye ngazi, kwa hiyo sasa napanda lifti na kukutana na watu niliokuwa nikiwakwepa kwa miaka ishirini. Chumba changu cha kazi ni kilekile, ghorofa ya nne, dirisha likitazama ukuta wa maegesho ya magari. Nilistaafu, nikaombwa nirudi siku tatu kwa wiki, nikarudi siku tano.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana mjukuu wako ametakiwa shuleni aeleze kazi za ndugu zake. Mwambie babu anafuatilia mazungumzo. Nchi za Asia ya Mashariki, yaani China, Japani, Korea zote mbili na majirani zao wa kusini, zina ugomvi wa siku nyingi juu ya bahari, visiwa, silaha na vita vilivyopita. Kila mwaka wanakutana kuuzungumza. Mawaziri wana vikao vyao, na maprofesa na wanajeshi wastaafu wana vyao, kwa kuwa asiye na cheo anaweza kusema ambalo mwenye cheo hawezi. Kikao kikiisha hutolewa tamko. Mimi huliweka tamko la mwaka huu kando ya la mwaka jana, nikayasoma neno kwa neno, kisha nikaandika katika jarida la taasisi yetu ni lipi limeongezwa na, hasa, ni lipi limetoweka. Kama mwaka jana walisema "wasiwasi mkubwa" na mwaka huu wakasema "wasiwasi" tu, hiyo kwangu ni habari. Jana timu za Korea mbili ziliingia uwanja wa Olimpiki nyuma ya bendera moja, na mkurugenzi wetu, ambaye naweza kumzaa, alitoka ofisini kwake macho yamemlowa. Nilimwambia tusubiri maandishi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike kabla ya zamu yangu. Nimezipanga barua zako tatu za mwisho mezani. Katika ile ya Juni uliandika, "Mkubwa anakusalimu." Ya Septemba ukaandika, "Mkubwa yupo." Ya Novemba hayumo kabisa. Najua kaka yetu na mimi hatujaandikiana tangu niondoke, na kwamba salamu zake umekuwa ukizitunga mwenyewe ili nisikasirike. Lakini hata salamu za kutunga zina maana zinapokatika. Kaka yetu ana nini?

Kaka yako


4 Machi 2018

Kaka,

Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini maandishi yako hata maji yanayaogopa. Huku tu wazima wa kuungaunga. Bado nashona sare za shule, macho yananidanganya kwenye uzi mweusi, kwa hiyo binti yangu ananitungia sindano na kunisimanga bure. Mjukuu ameandika kwamba babu yake kazi yake ni kusoma barua za watu waliogombana. Mwalimu amempa saba kwa kumi.

Haya, umenishika. Mkubwa anaumwa figo. Zote mbili zimechoka. Jumanne na Ijumaa tunampeleka hospitali anafungwa kwenye mashine saa nne nzima damu isafishwe, halafu anarudi amenywea kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Hakutaka ujue. Alinikataza nisimtaje, nami nikaona bora nisimtaje kuliko niseme uongo. Kumbe wewe unasoma mpaka nisiyoyaandika.

Na salamu sikuwa nazitunga zote. Ile ya Juni ilikuwa yake.

Nilimwambia umeuliza. Akasema, "Mwambie aje tukae. Sitaki simu. Kwenye simu atanihutubia." Hapo sikumbishia, maana nami nikikupigia unaongea kama mtu wa redio anayewaaga wasikilizaji.

Kaka, njoo. Daktari hataji miaka. Anataja miezi, na hata hiyo anaitaja akiangalia faili. Mnajua wenyewe mna la kusemezana. Mimi sitaki kuwa mtu wa kati mpaka mmoja wenu azikwe.

Mdogo wako, fundi


25 Machi 2018

Mdogo wangu,

Nimesikitika kuhusu figo. Mpe shemeji pole yangu, na umwambie asimwachie Mkubwa chumvi, nimesoma hivyo. Huku mvua na baridi vinapokezana. Mama wa maktaba, ambaye ndiye mtu ninayezungumza naye zaidi, amehamishiwa jengo jingine.

Unasema nije tukae. Tukae tuseme nini? Ngoja niandike mambo yalivyo, ili tusije tukayazunguka.

Machi 1976, saa nne asubuhi, watu watatu walifika nyumbani mimi nikiwa chuoni ninafundisha. Walichukua taipureta yangu na mabunda mawili ya karatasi. Kabla hawajatoka, Mkubwa alitia saini waraka wenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Ukurasa wa pili ulisema kwamba yeye, kaka yangu wa tumbo moja, aliniona kwa macho yake nikichapa vile vipeperushi vya kuipinga serikali. Nilikamatwa mchana uleule. Kwa karibu miezi kumi na moja niliyokaa ndani nilionyeshwa saini yake mara nyingi kuliko nilivyoonyeshwa jua. Nilipotoka, alinifuata mlangoni akasema hakuusoma ukurasa wa pili. Karani wa ofisi ya ardhi, mtu aliyekuwa akisoma hata maandishi ya nyuma ya tiketi. Wiki hiyohiyo niliondoka.

Kwa hiyo sitakuja kukaa. Lakini nina njia. Katika kazi yetu, pande mbili zisipoweza kukaa chumba kimoja huandika rasimu moja, inatembea baina yao. Neno linalokubaliwa na wote huachwa wazi. Neno ambalo upande mmoja haulitaki hutiwa ndani ya mabano ya mraba. Rasimu huenda na kurudi, hata miaka, mpaka mabano yaishe. Siku hiyo ndipo watu wanapokaa.

Nimeambatanisha rasimu ya sentensi tano. Mpelekee. Aweke mabano anapotaka, kwa mkono wake. Mabano yakiisha nitakuja, nitakaa mezani kwake, nitatia saini. Hiyo ni ahadi, na naiandika kwa wino.

Kaka yako


29 Aprili 2018

Kaka,

Tuko salama. Mvua imetuharibia kuta za choo, wajukuu wana kikohozi, wifi anakushukuru kwa ushauri wa chumvi na anasema angependa kujua umesomea wapi udaktari.

Nilidhani Mkubwa atanirushia ile karatasi. Nilimpa nikakaa karibu na mlango kabisa. Akaomba miwani. Akasoma. Akasema, "Nani kaandika hii? Hakuacha nafasi ya pembeni." Halafu akaagiza kalamu nyekundu, kalamu ile ya ofisini, ambayo wifi aliitafuta mpaka chini ya godoro. Akanikalisha niinakili yote upya kwa mkono, nakala mbili, maana ofisi ya ardhi haitoi karatasi nje bila kubaki na nakala. Nikakosea mstari mmoja, akanirudisha mwanzo. Miaka sitini na tatu niliyo nayo, nimerudishwa mwanzo kama mtoto.

Wifi akaja na uji, akamwambia anywe kwanza. Akasema, "Nina kazi." Sijamsikia akisema hivyo tangu astaafu.

Amekubali sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu amerekebisha tarehe. Ya nne ameweka mabano mara mbili. Uliandika, "Mkubwa alitia saini ukurasa wa pili kwa hiari yake, akiwa ameusoma." Ametia mabano kwenye "kwa hiari yake" na kwenye "akiwa ameusoma". Ya tano, ile kwamba wewe uliteseka, ameiacha kama ilivyo, hakugusa hata nukta.

Nikamuuliza nikuambie nini kuhusu yale mabano ya pili. Akasema, "Mwambie sikuusoma." Alisema akiangalia ukuta. Mimi nikakunja karatasi. Mimi ni mpeleka karatasi tu.

Tangu siku hiyo anakula. Kila akitoka kwenye mashine anauliza kama posta imekuja.

Mdogo wako, fundi


20 Mei 2018

Mdogo wangu,

Nimeipokea. Niliifungulia kwenye ngazi, sikungoja kufika chumbani. Wekundu wa ile kalamu haujabadilika. Nawapa pole wenye kikohozi.

Naondoa "kwa hiari yake". Nimefikiri, na ni kweli kwamba mtu aliyezungukwa na watu watatu nyumbani kwake hana hiari ya kuandikwa katika sentensi. Hilo limekwisha, linaweza kufutwa. "Akiwa ameusoma" linabaki.

Usidhani ni ukaidi. Kama hakuusoma, basi nimeishi huku maisha yangu yote kwa sababu ya uzembe wa karani. Kama aliusoma, basi nina kaka aliyenitoa kwa wale watatu. Hilo la pili naweza kuishi nalo, nimelizoea. La kwanza sina pa kuliweka.

Mwambie pia kwamba hakuna haraka. Tarehe tisa mwezi huu wakuu wa China, Japani na Korea ya Kusini walikutana mara ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu. Ukiniuliza walikubaliana nini, jibu fupi ni kwamba walikubaliana kukutana tena, na mimi nimeandika kurasa sita kuhusu jibu hilo fupi. Vijana hapa ofisini wanacheka. Hawajaona kinachotokea wakati watu wameacha kukutana. Rasimu ikiwa wazi, hakuna anayetoka chumbani, na hilo peke yake ni kitu.

Nimefurahi kusikia anakula. Au nadhani nimefurahi. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, kisha nikaenda kupanga majalada.

Kaka yako


8 Julai 2018

Kaka,

Salamu zitakuwa fupi. Watoto wazima, wifi mzima kwa nje.

Mkubwa hawezi kukaa tena bila kuegemezwa. Mshipa wa mkono wanaomfungia mashine umeziba, wamehamia shingoni. Ijumaa nilikuwa naye pale hospitali, chumba chenye mashine sita na viti sita, kila mtu anaangalia damu yake ikizunguka kama anaangalia basi lililochelewa. Nilikuwa nimebeba rasimu kwenye mfuko wa vitambaa kwa sababu hataki ikae mbali naye. Akaniambia niitoe. Nikamwambia tungoje tufike nyumbani. Akasema nyumbani ni mbali.

Akaomba kalamu. Akasema, "Toa hayo mabano."

Nikamuuliza, tulifute neno?

"Neno liache. Niliusoma. Toa mabano, halafu aje."

Nesi akadhani tunaandika wosia, akasogea pembeni kwa adabu. Mkubwa akatia saini. Mkono ukamtoka ukaenda nje ya mstari, akakataa, akasema ofisi haiwezi kupokea saini iliyotoka nje ya mstari. Akatia tena kwenye nakala ya pili. Hiyo ya pili ndiyo ninayokutumia. Angalia, imekaa sawa.

Hakuna mabano tena, Kaka. Nimeigeuza karatasi mbele na nyuma, hakuna. Ulisema yakiisha utakuja, na uliandika kwa wino. Daktari amesema wiki, hakusema ngapi. Wifi amefua shuka za chumba cha nyuma. Mkubwa kila gari likisimama nje anamtuma mtu akachungulie.

Usiandike tena. Njoo.

Mdogo wako


26 Agosti 2018

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wote katika hali ya nafuu. Goti limezidi kidogo. Nimepewa fimbo, nimeisahau kwenye treni.

Nakala imefika na saini nimeiona. Imekaa sawa, kweli. Umwambie hivyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mwezi huu kazi imekuwa nyingi kupita kawaida. Mwanzoni mwa Agosti zile nchi kumi za kusini-mashariki na China zilitangaza kwamba sasa zina rasimu moja ya kanuni za mwenendo baharini. Ni miaka kumi na sita tangu watoe tamko lao la kwanza kuhusu bahari hiyo, na sasa ndiyo wamepata karatasi moja ya kugombania. Ofisini walikata keki. Mkurugenzi ameniomba makala ndefu, akasema hakuna mwingine mwenye kumbukumbu ya mambo haya tangu mwanzo, na hapo alisema kweli. Pia pasipoti yangu imeisha muda, na kuipata nyingine huchukua wiki kadhaa.

Wakati huohuo, nikisoma nakala, nimeona Mkubwa ameandika tarehe 12 Machi. Ninavyokumbuka mimi ilikuwa 11. Nimeiweka ndani ya mabano kwa sasa. Tena ingefaa sentensi ya tatu itaje nani mwingine alikuwepo chumbani, kwa ukamilifu. Ni mambo madogo. Wiki mbili tatu yatakuwa yamekwisha, nami nitakuwa nimemaliza makala.

Mpe Mkubwa pole. Mwambie rasimu ni nzuri.

Kaka yako


30 Septemba 2018

Kaka,

Mkubwa alifariki Jumapili tarehe 2, saa nane mchana. Najua ulishaambiwa. Nilipiga simu kwako mara tatu, mwisho nikapiga ofisini kwenu, mama wa mapokezi akasema uko kikaoni na akaandika ujumbe. Kesho yake nikapata maneno yako mawili kwenye simu ya binti yangu: "Nimepokea. Poleni." Tumezika Jumanne. Watu wa ofisi ya ardhi walikuja, hata wale waliostaafu kabla yake. Barua yako yenye mabano ya tarehe imefika siku kumi baada ya mazishi.

Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika. Nilikuwa napindia suruali ya mtoto wa jirani, nikaisoma, nikaendelea kupindia.

Umeuliza nani mwingine alikuwepo chumbani. Miaka arobaini na miwili, hiyo ndiyo mara ya kwanza unauliza. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa kwenye cherehani ya Mama, napindia mashuka. Na Mama alikuwepo, amekaa kitandani, nyumba ikipekuliwa.

Walipotoa ile karatasi, Mkubwa alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Akaiweka chini. Mama hakujua kusoma, unakumbuka, lakini alijua kusoma uso. Akamwambia, "Soma kwa sauti." Mkubwa akasoma. Yote. Yule aliyekuwa mnene kati ya wale watatu akasema asipotia saini watamchukua yeye sasa hivi na wewe watakufuata chuoni, hivyo ni juu yake kama waondoke na mmoja au wawili. Mkubwa akaiacha kalamu mezani. Mama ndiye aliyeinuka akaiokota. Akamtia mkononi, akamkunjia vidole juu yake kama anavyomkunjia mtoto. Akasema, "Tia. Nibakishie mmoja."

Wale walipoondoka akatuambia usije ukajua. Ndiyo maana Mkubwa alikwambia hakuusoma. Angesema aliusoma ungemuuliza kwa nini basi alitia saini, na angetakiwa akujibu. Akaona bora umwone mzembe. Ukamwona msaliti, na hilo pia akalibeba.

Sikusema kwa kuwa niliahidi. Kila nilipompelekea ile karatasi alinitazama kwanza, kabla ya kuitazama karatasi. Mabano aliyatoa ili uje. Jina la Mama hakulitia humo. Sasa Mama hayupo, Mkubwa hayupo, nimebaki mimi na ahadi ambayo hakuna wa kunidai.

Kati ya sentensi ya nne na ya tano kuna nafasi. Naweza kuiandika hapo sentensi ya Mama, karatasi yote ni mwandiko wangu. Niambie niiandike au niiache. Na niambie unakuja lini, hata kama ni kaburini tu. Wifi anauliza kila siku, nami namwambia labda.

Mdogo wako


4 Novemba 2018

Mdogo wangu,

Nakusalimu, namsalimu shemeji, nawasalimu watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Makala ilitoka. Ina kurasa kumi na nne na kosa moja la chapa.

Nina mambo ya kusema na nitayasema kwa mpangilio, ndivyo ninavyoweza.

Pasipoti yangu haikuwa imeisha muda. Inafika hadi mwaka 2023. Barua yako ya Julai nilipewa tarehe 30 mwezi huohuo. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye masanduku ya posta ya chini, nikaipeleka ofisini, nikaitia kwenye droo, nikafunga. Kila asubuhi nilifungua droo, nikahakikisha ipo, nikafunga tena. Nilifanya hivyo wiki nne.

Tarehe ilikuwa 12. Mkubwa alikuwa sahihi. Nina daftari la mwaka ule, nililiangalia kabla ya kuweka mabano, kisha nikayaweka. Nimetumia miaka thelathini nikiandika juu ya wajumbe wanaozusha suala la tarehe pale wanapoona kikao kinakaribia kuisha. Ninawatambua kwa mbali. Tuna hata mahali maalumu pa kuwaorodhesha katika jarida. Siwezi kukuambia kwamba sikujua nilichokuwa ninafanya.

Nilichoogopa si yeye kukataa. Akikataa nilikuwa nina kazi. Alipokubali, sikuwa na kazi tena ila kununua tiketi, na niligundua kwamba katika miaka yote hii sikuwahi kufikiri hatua hiyo. Nilidhani kukiwa na rasimu mezani hataondoka. Watu wa kazi yangu hufikiri hivyo kuhusu mataifa, na mara nyingi tunakuwa sahihi, kwa kuwa mataifa hayana figo.

Kuhusu Mama. Barua yako imekaa nami wiki mbili na nimengoja nihisi kitu. Nimetazama picha yake. Nimejaribu kumkasirikia, halafu nikajaribu kumhurumia, na yote mawili nimeyafanya kama mtu anayejaribu viatu dukani bila nia ya kununua. Ninamwona akikunja vile vidole. Namwona waziwazi, kuliko ninavyoona chumba hiki. Kisha saa inagonga na ninaenda kwenye lifti. Ningekuwa mimi nimeshika kalamu, sijui. Angenikunjia mimi vidole, nadhani ningetia saini.

Usiiandike ile sentensi. Si kwa sababu nataka kuificha. Tamko halisemi yote yaliyotokea chumbani. Linasema yale ambayo waliotia saini waliweza kuyabeba, na Mkubwa aliamua mzigo wake uishie wapi. Alikuwa karani mzuri. Sitamwongezea neno baada ya saini yake, na wewe usikubali mtu mwingine amwongezee.

Nimeweka tarehe 12, bila mabano. Nimetia saini chini ya yake. Ya kwangu imetoka nje ya mstari kidogo na sina nakala ya pili, kwa hiyo itabidi ipokelewe hivyohivyo. Ninaituma ndani ya bahasha hii. Ihifadhi pamoja na karatasi zake za ofisi, shemeji anajua zilipo.

Umekuwa mpeleka karatasi kati ya watu wawili, mmoja akikutazama wewe kwanza na mwingine akitazama karatasi tu, bila kukuuliza unajua nini. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, maana ndiyo kazi niliyosomea. Nakuomba radhi. Nitaendelea kukuandikia kama kawaida, mara nne kwa mwaka, na ningependa uendelee kunijibu, lakini ukichoka nitaelewa.

Umesema shemeji anakuuliza kila siku nawe unamwambia labda. Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Mtu niliyekuwa nikikataa kuja kwake hayupo, na mtu niliyeahidi kuja kwake ni yuleyule. Nikija sasa nitakuwa mgeni anayeonyeshwa mahali, na wewe utalazimika kunipokea vizuri. Sitaki ulazimike. Sina hasira na nyumba wala na yeyote aliyemo. Usimwambie tena labda. Sitarudi.

Kaka yako